Projekta ya balbu na Ami anayezima mein: nifanyeje?

Mwalimu_Langoni

Asalam aleikum wajuzi.

Nafundisha kisomo cha jioni, darasa la akina mama, katika ukumbi mmoja hapa Lamu upande wa Langoni. Ndugu yetu wa Mombasa alituletea projekta iliyokwisha tumika. Ni ya balbu, si hizi mpya za leza. Kijitabu chake hakikuja nayo. Juu ina kitufe cha kuwashia na kitaa kidogo, kikikaa rangi ya machungwa ujue imelala, kikiwa kijani ujue iko kazini. Ubavuni ina matundu yanayotoa hewa moto, mama mmoja wa darasani husema hapo angeweza kukausha nywele.

Somo letu linakwisha karibu na Isha. Anayefunga ukumbi ni Ami mmoja mtu mzima, sote tunamheshimu, na ana desturi yake: akimsikia muadhini, mkono uko kwenye mein swichi. Ukumbi giza, projekta kimya, na feni ilikuwa bado inavuma. Nimeambiwa hilo ni baya. Wengine wananiambia ni maneno tu ya mafundi wanaotaka kuuza balbu. Nataka kujua ukweli ni upi, na sababu yake, maana nikienda kwa Ami na "nimeambiwa" hatanisikiliza.

La pili. Wiki iliyopita stima ilikatika katikati ya somo, ikarudi papo hapo. Nikabonyeza. Feni ikavuma, kitaa kikawa chekundu cha kupepesa, picha hakuna. Nikabonyeza tena, vilevile. Tukarudi kwenye ubao na chaki. Kesho yake ikawaka kama haikutokea kitu. Je, ndiyo inaanza kufa?

Na kuiwasha kwenyewe, naanza na projekta au na laptopu?

---

Jamaa_wa_Mtandao

Mwalimu usijisumbue. Yangu naizima ukutani kila siku, kitufe sigusi. Wala haijaniletea neno.

---

Mwalimu_Langoni

Yako ni ya balbu?

---

Jamaa_wa_Mtandao

Ni leza 😅

---

Fundi_Shela_Malindi

Wa aleikum salaam Mwalimu. Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme, nakaa Shela. Shela ya Malindi, si hiyo yenu ya hoteli na mchanga, kwa hivyo msije mkanitafuta kwa boti.

Huyu ndugu wa leza hajakosea kwa chombo chake. Leza na LED hazina moto wa aina ile, na nyingi zake hazidai kupoa kwa muda. Lakini asiwape dawa yake watu wenye maradhi mengine. Ya kwako ni ya balbu, na balbu ya projekta si balbu ya chumbani.

Nikueleze ilivyo ndani, ndiyo utakayompelekea Ami. Katikati ya balbu mna kijichupa cha kioo kigumu sana, upana wake kama sentimita moja. Ndani yake mna zebaki kidogo. Ncha mbili za tangsteni zimetazamana, na nafasi kati yake ni kama milimita moja hivi. Umeme unaruka katika nafasi hiyo, na mwanga wote unaouona ukutani umetoka kwenye kimwanya hicho. Kampuni ya Philips ndiyo iliyoleta balbu za namna hii katika miaka ya 1990, na nyingine zikafuata mtindo. Zikiwa kazini, zebaki yote inageuka mvuke, na presha ndani ya kijichupa hufika kama mara 200 ya hewa hii tunayoivuta. Kioo chenyewe kinakaribia nyuzi 1,000 za joto. Hicho kitu kiko ndani ya kisanduku cha plastiki juu ya meza, na akina mama wamekizunguka.

Kinachofanya plastiki isiyeyuke ni feni peke yake. Hakuna kingine.

Sasa ukizima kwa kitufe, balbu inazimika lakini feni inaendelea kuvuma, mara nyingi inavuma zaidi, mpaka joto lishuke. Hiyo huchukua nusu dakika mpaka dakika mbili, kila modeli na yake. Ami akivuta mein, balbu na feni vinakufa kwa pamoja. Joto halikufa. Limebaki pale, halina pa kutokea, linaanza kutambaa kwenda kwa majirani: kwenye vioo vidogo vinavyotengeneza picha, kwenye vile vipande vyembamba mithili ya nailoni vinavyochuja mwanga, kwenye waya, kwenye soketi ya balbu. Siku moja haitoshi kuua. Lakini vipande vile vikipikwapikwa kila jioni vinabadilika rangi, na hapo picha yako inaanza kupata doa la njano au la samawati pembeni, ambalo halifutiki kwa kitambaa. Watu huniletea wakisema lenzi imechafuka. Lenzi safi kabisa. Kilichoungua kiko ndani, na kukibadilisha ni ghali kuliko hiyo balbu.

Balbu nayo haisalimiki. Nikifungua projekta iliyozimwa ukutani kwa muda mrefu, naijua kabla sijaulizia. Kijichupa kimefanya ukungu mweupe kama maziwa, mara nyingine kimetuna upande mmoja. Kikifika hapo, siku yoyote kitapasuka.

Kwa hivyo hayo si maneno ya wauza balbu. Ingawa wauza balbu hawachukii, maana anayezima ukutani ndiye mteja wao mzuri.

Kuhusu ile siku ya taa nyekundu: haikuwa inakufa, ilikuwa inakataa, na ilikataa kwa haki. Balbu ikiwa baridi, zebaki imejikusanya vitone vidogo kwenye kioo, nafasi kati ya zile ncha iko wazi, kwa hivyo cheche ya maelfu ya volti inapita na balbu inashika. Balbu ikiwa moto, mvuke umeshindiliwa pale ndani, cheche ileile haipenyi. Inajaribu, inashindwa, inajaribu tena. Kila jaribio linazila zile ncha. Wewe stima ilirudi papo hapo ukabonyeza balbu ikiwa bado moto, na feni ilikuwa haijapata nafasi ya kuipoza. Ikikutokea tena, usibonyezebonyeze. Iache robo saa, fundisha kwa ubao, halafu jaribu mara moja.

Kitaa chekundu kina lugha yake kwa kila kampuni. Kupepesa mara kadhaa ni balbu, mara kadhaa ni joto, mara kadhaa ni feni. Geuza projekta chini-juu ikiwa baridi, utaona karatasi iliyobandikwa yenye namba ya modeli. Kijitabu cha namba hiyo unakipata bure kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Hicho ndicho kitakachokuambia pia kama modeli yako ni ile inayoruhusiwa kuchomolewa bila kungoja. Zipo, Epson kwa mfano wanazo za balbu zinazoruhusu. Lakini mpaka ukione kimeandikwa, wewe chukulia kwamba yako si mojawapo.

Kuwasha nitakuandikia baada ya Magharibi, nina mteja ameleta friji.

---

Kibanda_cha_Mpira

Fundi heshima yako, lakini mimi nina kibanda cha kuonyesha mpira hapahapa Malindi na projekta ya balbu. Stima ikienda, imeenda. Hakuna cha kupoa wala kungoja, watu wanataka bao. Jenereta ikipiga tu nawasha. Inafanya kazi mpaka leo.

---

Fundi_Shela_Malindi

Kibanda, sikukuambia itakufa siku hiyohiyo. Niambie mambo mawili. Ingia kwenye menyu, tafuta pameandikwa saa za balbu, uniambie umefika ngapi. La pili, picha yako mechi ya saa tisa mchana unaiona au mpaka mfunge mlango?

---

Kibanda_cha_Mpira

Saa 1,900 na kitu. Mchana tunafunga mlango na tumeweka gunia dirishani.

---

Fundi_Shela_Malindi

Basi. Balbu hizi nyingi zimepimwa saa 3,000 mpaka 5,000 kwa mwanga kamili, zaidi ya hapo ukiiweka kwenye hali ya kubana matumizi. Yako haijafika hata hizo 3,000 za chini na tayari unahitaji gunia. Inawaka, sikatai, ila inawaka kizee.

Na jenereta usiipe projekta dakika ile inapopiga. Iache itulie kwanza, injini ishike mwendo, maana mwanzo volteji inaruka juu chini. Ukiisubiri jenereta itulie, balbu nayo inapoa, umepiga ndege wawili. Watazamaji wako watapiga kelele, waache wapige, kahawa utawauzia.

---

Kibanda_cha_Mpira

Kahawa nauza kweli 😂 Sawa fundi.

---

Fundi_Shela_Malindi

Mwalimu, nimerudi.

Kuwasha hakuna makubwa. Toa kifuniko cha lenzi kwanza kabisa, kwa sababu ule mwanga ukiwaka na kifuniko kiko, kifuniko kinachemka na baadhi huyeyuka. Unganisha waya wa laptopu kila kitu kikiwa kimezimwa. Kisha plagi, kisha swichi ya ukutani, ungoje kitaa cha machungwa kitulie bila kupepesa. Bonyeza mara moja tu. Hapa ndipo wengi huharibu: wakiona giza sekunde kumi wanabonyeza tena, na projekta inaelewa kwamba umesema zima. Iache. Itaanza na mwanga hafifu, itakuja polepole, na mpaka dakika moja hivi ndipo itafika mwanga wake. Laptopu washa baada ya projekta, hasa ikiwa ya zamani yenye waya wa pini nyingi, ili ikifunguka iikute projekta iko hapo. Picha ikikataa kutokea ukutani, shika kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague kuonyesha kotekote.

Usiiwashe ukaizima papo kwa papo. Ikiwashwa iache angalau dakika tano kabla ya kuzimwa, ile zebaki na gesi zake zipate kufanya mzunguko wake. Mkitaka mapumziko ya kunywa chai katikati ya somo, usiizime. Tafuta kwenye rimoti kitufe cha kuficha picha, huwa kimeandikwa Blank au AV Mute. Ukuta unakuwa mweusi, balbu inaendelea.

Na wafundishe wale wenye watoto: mtoto asichungulie lenzi ikiwaka. Watoto hupenda kwenda kuangalia mwanga unatoka wapi.

Kuzima: bonyeza kitufe, itakuuliza una hakika, bonyeza tena. Picha imekwenda, feni bado. Ingojee mpaka inyamaze yenyewe na kitaa kiache kupepesa. Hapo ndipo ukutani. Wakati inapoa usiisogeze, usiifunike, usiitie mkobani.

Nina swali: madirisha ya ukumbi mnayaziba na nini?

---

Mwalimu_Langoni

Fundi Mungu akubariki, nimeyachapa yote haya nitayabandika ukutani.

Madirisha tunaziba kwa leso. Kila mama anakuja na leso moja ya ziada, tunazitundika, ukumbi unapendeza kuliko harusi. Projekta inakaa juu ya kiti, na kiti kinakaa karibu na dirisha kwa sababu ndipo soketi ilipo. Kwa nini?

---

Fundi_Shela_Malindi

Ndiyo maana niliuliza. Upepo ukivuma leso inakwenda kulala kwenye yale matundu ya hewa moto, na ninyi wote mnatazama ukuta wa mbele, hamuoni. Vuta kiti mbali na dirisha, acha kama sentimita 30 wazi pande zote, nunua ekstensheni nzuri. Chini yake usiweke mto wala takia, iwe juu ya ubao mgumu.

Kisha fungua filta yake, ni kile kichujio cha sifongo au cha karatasi ubavuni au chini. Nyumba zenu za mawe na chokaa zinamwaga unga mchana kutwa. Nina hakika utaikuta nyeupe.

---

Mwalimu_Langoni

Nimetoka kuifungua. Fundi, ilikuwa kama kitumbua kilichogaragazwa kwenye unga wa ngano. Nimeipiga taratibu nje kwenye baraza, paka wakakimbia.

---

Nahodha_Spika

Salaam nyote. Mimi nakodisha projekta na spika kwa semina na mikutano, Lamu mjini, Shela yetu sisi, Matondoni, mpaka Faza. Fundi kasema ya ndani, mimi niongeze ya ndiani, maana huku kwetu gari hakuna, chombo kinapanda punda au kinapanda boti.

Projekta ya balbu ikiwa moto haibebwi. Balbu ikiwa bado moto mtikiso mdogo tu unaiumiza. Nimeona vijana wakimaliza semina wanaikimbiza gatini boti isiwaache, feni bado inazunguka mkononi. Boti ikiondoka iondoke, kuna nyingine.

Ya pili ni unyevu. Ukiitoa projekta kwenye chumba cha hoteli chenye AC ukaileta nje usiku wa kaskazi, hewa ile nzito ya bahari inaganda maji juu ya lenzi na ndani pia, usikoona. Ukiwasha hapohapo, umeme unakutana na maji. Mimi naiacha ndani ya mkoba wake nusu saa au zaidi ipate joto la mahali, ndipo naitoa.

Kuvuka maji naitia kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ile kubwa, nimeizungushia taulo kavu. Mawimbi ya kusi yakirusha, yanairushia ndoo. Lakini iingie ndooni ikiwa baridi kabisa.

Mwalimu, huyo Ami namjua kwa sifa zako tu, na wazee wa namna hiyo ninao kila ukumbi. Usimpelekee habari ya zebaki wala presha mara 200. Atakuambia "sisi tulizima taa kabla hamjazaliwa". Wewe mpange kwenye kazi. Mwambie, Ami, hii feni sisi hatuisikii vizuri kwa kelele za kina mama, tunaomba wewe ndiye utuambie imenyamaza. Ukimpa hukumu, ataingojea.

---

Mwalimu_Langoni

Nahodha umenichekesha, lakini kina mama wangu si wenye kelele 😄

Neno lako la kumpa hukumu nimelipenda. Hofu yangu ni ile siku imamu ameshakimu na Ami yuko mbioni. Hapo hata hukumu ataisahau.

---

Fundi_Shela_Malindi

Nahodha amesema vizuri, na mimi siku zote naona hivi: mtu utamkumbusha leo, kesho atakuwa na haraka, keshokutwa atakuja mwingine kushika funguo. Nunueni UPS ndogo. Kwa sehemu kama zetu hizi zenye stima ya kuja na kuondoka, projekta ya balbu bila UPS mimi naiona haijakamilika, kama vile haina waya.

UPS ni lile sanduku lenye betri ndani wanaloweka chini ya kompyuta za ofisini. Mein ikizimwa, yenyewe inaendelea kutoa umeme kwa dakika kadhaa. Ami akivuta, projekta haijui. Stima ikikatika, projekta haijui. Wewe unabonyeza kitufe, feni inamaliza kazi yake kwa umeme wa betri, kitaa kinatulia, unazima UPS, mnakwenda kuswali.

Angalia hesabu lakini, dukani watakuchanganya. Nyuma ya projekta pameandikwa wati. Ya balbu ya ukubwa wa darasa huwa karibu 300, pengine zaidi kidogo. Sanduku la UPS limeandikwa VA, na VA si wati. Ile ya 650 VA, nyingi uwezo wake ni wati 360 au 390 hivi. Inaibeba projekta, lakini haibebi projekta pamoja na spika na laptopu na feni ya mezani ya mwalimu. Laptopu ina betri yake, iache nje. Spika nje. UPS ni ya projekta peke yake.

Na usifundishe kwa UPS. Watu wanaona picha iko, wanaendelea na somo, betri inaisha katikati ya kufumba macho, na tumerudi kulekule, balbu moto na feni imekufa. Stima ikienda, UPS italia, huo mlio ndio kengele yako: zima kwa kitufe wakati uleule.

---

Kibanda_cha_Mpira

Fundi mimi nina gadi, ile ya friji. Stima ikishuka inakata, ikirudi inangoja dakika chache kabla ya kuruhusu. Si inatosha?

---

Fundi_Shela_Malindi

Gadi inakulinda na stima mbovu, haimlindi feni. Volteji ikishuka chini ya volti 240 zetu kwa kiasi kikubwa, gadi inakata kila kitu, na feni imo kwenye kila kitu. Umeokoa saketi, umepika balbu. Ukiwa navyo vyote viwili, gadi iwe ukutani, UPS ichomekwe kwenye gadi, projekta kwenye UPS. Kwa mpangilio huo, gadi ikikata, UPS inashika. Ukigeuza, gadi ikaja baada ya UPS, hujafanya kitu.

Ila ile ngoja-ngoja ya gadi ni nzuri sana kwa wewe usiyeweza kungoja mwenyewe. Inakungojea.

---

Bi_Mkomani

Samahani nachelewa kuuliza. Ile zebaki, balbu ikipasuka na watoto wako chumbani? Sisi madrasa yetu tuna projekta kama hiyo.

---

Fundi_Shela_Malindi

Bi, swali zuri na halikuchelewa.

Ikipasuka utasikia mlio mkali, picha inazimika ghafla, mara nyingine moshi mdogo au vumbi linatoka matunduni. Watoto nje kwanza, wote, bila mbio za kusukumana. Vuta plagi, hapa ndipo pekee nitakapokuambia vuta bila kungoja. Fungua milango na madirisha, shusha hizo leso, iache hewa ipite nusu saa au zaidi. Zebaki yenyewe ni kidogo mno, ya miligramu, si ya kukutia hofu, ila mvuke wake haufai kuvutwa na vigae vyake vya kioo ni vidogo na vikali. Usifagie kwa ufagio ukavitawanya, na usivute kwa mashine ya kufyonza vumbi. Valia glavu, okota kwa karatasi ngumu, vumbi lililobaki libandue kwa selotepu, tia vyote kwenye chupa yenye kifuniko. Projekta usiwashe wala usiitikise, vigae vimo ndani. Ipelekwe kwa fundi.

Na hata balbu ikifa kifo cha kawaida, anayeibadilisha aiache projekta ipoe saa nzima baada ya kuchomolewa. Balbu mpya asiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya mkono yanabaki pale, na joto likija, kioo kinaharibikia hapohapo palipoguswa. Shika kwenye fremu yake.

---

Bi_Mkomani

Shukran fundi. Nitamsomea Maalim.

---

Mwalimu_Langoni

Narudi na habari. Nimezungumza na Ami jana, kwa njia ya Nahodha. Akanyamaza, akasema, "Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo kwamba hili ni dude la kupoa?" Kisha akaenda akavuta kiti akakaa kando ya projekta mpaka feni iliponyamaza, akasema "tayari", ndipo akazima. Mama mmoja akapiga kigelegele.

Nimefanya na langu pia. Nimehamisha picha mwanzoni mwa somo, dakika kumi za mwisho tunasoma kwa sauti kutoka daftarini, projekta nimeshaizima. Muadhini anatukuta tumemaliza.

Kina mama wamechanga, UPS inanunuliwa. Kuna moja dukani hapa mjini, 650 VA, bei yake nzuri, ila muuzaji anasema imekaa rafuni muda mrefu. Nichukue au nitume Mombasa?

---

Fundi_Shela_Malindi

Hongera kwa Ami.

Hiyo ya rafuni usilipe mpaka uijaribu. Betri za ndani ni za asidi, zikikaa muda mrefu bila kuchajiwa zinakufa zikiwa bado ndani ya boksi. Mwambie muuzaji aichomeke ilale usiku kucha kwenye stima. Asubuhi nenda na projekta yenyewe, washa kwa UPS, iache dakika tano, kisha chomoa UPS ukutani. Ikizima pamoja na projekta papo hapo, rudisha. Ikilia na projekta ikabaki, bonyeza kuzima, hesabu kama feni inamaliza mpaka kunyamaza. Ikimaliza na UPS bado inalia, lipa.

---

Nahodha_Spika

Na projekta kwenda dukani iwe imepoa, Mwalimu. Kurudi vilevile. Punda nitakuazima.